Mji Hauishii Darajani

Mtu akija Unguja na kuniomba nimtembeze mjini, huwa najua anachotaka kuona: milango. Anataka milango yenye misumari ya shaba, vichochoro vya Hurumzi na Shangani, Forodhani jua likizama, na picha mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Simnyimi chochote katika hivyo. Lakini humpa sharti moja. Asubuhi tutatembea kwa miguu Mji Mkongwe, na alasiri jua likipungua ukali tutapanda baiskeli, tuvuke Darajani, tuingie Ng'ambo, mitaa iliyo upande wa pili wa mji. Makala hii ni kwa ajili ya alasiri hiyo zaidi.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo. Nimezaliwa na kulelewa Miembeni, na tangu utotoni nimesikia mji wangu ukisimuliwa kana kwamba unaishia kwenye Barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wazee bado wanaiita Creek Road. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ulistahili. Sehemu ya Ng'ambo iliyo jirani nao ikahesabiwa kuwa ukanda wa kuukinga, yaani thamani yake ikapimwa kwa kazi inayoufanyia upande wa pili. Hilo limenikera kwa muda mrefu. Wachukuzi wa bandarini, wapishi, waashi, maseremala, mafundi cherehani, wavuvi na waimbaji wa taarabu waliouendesha mji ule, wengi wao walilala upande huu. Walijenga pia, na walijenga kwa akili. Anayetaka kujua Wazanzibari walivyojua kujenga hana budi kuvuka barabara.

Kwanza, maji. Ramani aliyoichora Mfaransa Charles Guillain mwaka 1846 inaonyesha mji ukiwa juu ya rasi ya pembe tatu, karibu kisiwa kizima. Mbele ni bahari, na nyuma ni mkono wa bahari ulioingia kutoka upande wa Funguni ukazunguka kuelekea Mnazi Mmoja, ukiacha kipande chembamba tu cha nchi kavu upande wa kusini. Maji yale tuliyaita Pwani Ndogo. Upande wa rasi palijengwa kwa mawe. Upande wa pili palikuwa na mashamba, minazi na vibanda, na baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897 watu waliokuwa huru sasa waliongezeka huko kwa kasi. Katika karne ya 20 Pwani Ndogo ikafukiwa kidogo kidogo. Leo palipokuwa na maji pana barabara, maduka, vituo vya daladala na viwanja vya mpira.

Ukipita kwa gari, huwezi kujua kwamba umevuka kitu. Kwa baiskeli miguu yako inajua. Toka Kikwajuni Juu, teremka kuja Mnazi Mmoja: pedali zinakuwa nyepesi, unaacha kukanyaga, baiskeli inakwenda yenyewe. Kisha unafika mahali tambarare kabisa, na ukiendelea kuelekea Vuga unaanza kukanyaga tena. Hapo katikati palikuwa na bahari. Siku za bamvua kubwa maji ya chumvi hupenya mpaka uwanjani Mnazi Mmoja na kutuama kwenye majani, na vijana wanaocheza mpira huhamia upande mkavu. Ramani ya Guillain ninaijua vizuri, lakini niliielewa kwa magoti kabla ya kuielewa kwa macho.

Nirudi asubuhi, maana Mji Mkongwe nao una somo lake na nisingependa mtu adhani naudharau.

Baiskeli zinapita vichochoroni, tena nyingi, na atakayekupita kwenye kona atapiga kengele na kusema "hodi hodi" kabla hujamwona. Lakini mwenye nia ya kuangalia nyumba ni afadhali atembee. Nyumba iliyojengwa kwa desturi ya Waarabu wa Oman haijionyeshi: nje ni ukuta mweupe mnene, madirisha machache, mlango mmoja mkubwa wa kuchonga, na uzuri wote uko ndani kuzunguka kiwanja cha wazi kinachoingiza hewa na mwanga. Nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi inafanya kinyume. Duka liko chini linaikabili njia, milango yake ya mbao inakunjwa vipande vipande asubuhi, na familia inaishi juu nyuma ya roshani iliyonakshiwa. Pita Kiponda ukielekea Mkunazini uone nyumba hizi mbili zilivyoishi ubavu kwa ubavu, moja inakuita na nyingine inakuwekea mgongo.

Ingia ndani ya mojawapo, ukikaribishwa, utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti. Dari limebebwa na nguzo za mikoko zilizoletwa kwa majahazi, nyingi kutoka delta ya Rufiji, na mti wa mkoko unaofaa kubeba dari la mawe na chokaa hauvuki sana upana wa mita tatu. Kwa hiyo ni mkoko uliopanga upana wa kitanda cha bwana na sebule ya bibi. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa huuachia unyevu utoke. Mtu akija na saruji akapiga lipu ya kisasa juu yake ili ukuta uonekane mpya, unyevu unafungiwa ndani, ukuta unaoza, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vinaoza navyo. Nyumba nyingi tunazosema zimeanguka kwa uzee zimeanguka kwa paa linalovuja na kwa matengenezo ya namna hiyo. Ukitembea polepole utajifunza kuzitambua: saruji ina rangi ya kijivu iliyokufa na inabanduka kwa vigae vikubwa, chokaa inachakaa kwa unga.

Kabla hujavuka, simama Mnazi Mmoja uangalie Beit el Amani, makumbusho yenye kuba yaliyofunguliwa mwaka 1925 kuwakumbuka waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyeichora ni J. H. Sinclair, ofisa Mwingereza ambaye pia ndiye aliyechora Mahakama Kuu ya Vuga. Alipenda makuba na matao ya Kiislamu, akayachanganya na mazoea ya shule za Ulaya. Watu wengi huyasifu majengo yake. Mimi nayaona mazuri kwa mbali. Ukiyakaribia yanaonekana yamejengwa ili yatazamwe, hayana mahali pa mpita njia kukaa.

Na kukaa ndiko kunakonileta Ng'ambo.

Ukivuka pale Darajani, mbele ya soko kuu lililojengwa mwaka 1904, usifuate barabara kubwa. Kata kushoto au kulia, popote, ingia Mchangani, Mlandege, Vikokotoni, Kisiwandui au Mwembetanga, na uiache baiskeli ikuchagulie. Njia za huku hazikuchorwa na mtu. Zilibaki baada ya watu kuweka nyumba zao: mmoja alijenga hapa, jirani akaacha upenyo wa kupita na ndoo ya maji, msikiti ukawekwa pale, kisima pale, na miguu ikaunganisha vyote. Gari haliingii, au likiingia halitoki bila watu wanne kuliongoza. Baiskeli inapita bila taabu. Ndiyo maana nasema Ng'ambo inafaa baiskeli kuliko chombo kingine chochote, na si baiskeli ya gia ishirini. Ile nyeusi nzito ya Kichina yenye keria, madigadi na kengele inatosha, na fundi wa kuziba pancha yuko kila baada ya mitaa miwili au mitatu, ameketi chini ya mti na beseni lake la maji.

Nyumba ya huku, ile ya zamani, ina mpango mmoja ambao ukishaujua utauona kila mahali hata pale ulipofunikwa na vigae na vioo. Mbele pana baraza. Katikati pana mlango. Mlango unafungua ukumbi mwembamba unaokwenda moja kwa moja mpaka nyuma, na vyumba viko kulia na kushoto, viwili viwili au vitatu vitatu. Ukumbi unatokea uwani, na uwani ndiko kuna jiko, choo, kisima kama kipo, mpapai au mkomamanga, kamba za nguo, na maisha ya wanawake na watoto mchana kutwa. Mlango wa mbele hushinda wazi. Kinachomzuia mpita njia asione uwani ni pazia tu, kitambaa chepesi kinachopepea ukumbini. Upepo wa kusi unaingia kwa mbele, unapita ukumbini, unatokea nyuma, na nyumba inapoa bila feni.

Ukuta wa asili ni kiambaza: nguzo zinasimamishwa, fito zinafungwa kwa kamba zikipishana, nafasi zinajazwa mawe madogo, kisha watu wanakandika kwa udongo mwekundu na mwishoni wanapiga chokaa. Juu ni makuti, siku hizi mabati. Kazi ya kukandika ilikuwa ya msaragambo. Mzee mmoja wa Kwaalinatu, ambaye huwa ninasimama kumsalimia kila nikipita, alinieleza walivyofanya nyumba yao.

"Baba alinunua boriti na fito, basi," aliniambia. "Udongo ulichimbwa palepale uwani. Siku ya kukandika mtaa mzima ulikuja, mama na wenzake wakapika wali na mchuzi wa pweza, na hata magharibi haijaadhiniwa kuta zote nne zimesimama."

"Na shimo la udongo mlilifanya nini, babu?"

"Tulilitumia shimo la choo, mjukuu wangu. Kitu gani kitupwe?"

Nimelifikiria sana jibu hilo. Nyumba ilitoka katika kiwanja chake chenyewe, na shimo ilipotokea likapata kazi. Wasanifu wa leo wanalipwa fedha nyingi kuzungumzia jambo hilohilo.

Baraza nalo linahitaji kuangaliwa kwa utulivu. Ni kipande cha saruji au mawe, urefu wa ukuta wa mbele, kimo cha kuketi, upana wa kulala mtu mmoja. Ni mali ya mwenye nyumba lakini haki ya kukaa juu yake si yake peke yake. Asubuhi anakaa muuza maandazi, adhuhuri anajilaza mchukuzi, alasiri wanafunzi wa chuoni wanasubiri mwalimu, jioni wanakuja wazee wa bao na kahawa. Mpanda baiskeli anatakiwa kujua adabu zake. Unapokaribia baraza lenye watu wazima unapunguza mwendo, unatoa salamu, na kama njia ni finyu unashuka na kuikokota baiskeli mpaka uwapite. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ukiivunja utasikia tu mtu akiuliza, kwa sauti ya wewe kusikia, huyu mtoto wa nani.

Kuna jambo la ardhi ambalo lazima lisemwe, la sivyo nyumba hizi hazieleweki. Kwa muda mrefu mtu wa Ng'ambo alikuwa na nyumba lakini hakuwa na kiwanja. Alilipa kodi ya ardhi kwa wenye mashamba na viwanja, Waarabu na Wahindi wenye nafasi, na kodi ikipandishwa hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia mjini mwaka 1911 na kuishi Ng'ambo, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zake za Kiswahili. Nikipita huku huwa nayaweka mambo hayo mawili pamoja: sauti iliyotoka katika nyumba za udongo ikafika India, na wenye nyumba hizo wakikataa kulipia ardhi waliyosimama juu yake. Mtu asiye na hakika na ardhi yake hajengi kwa mawe. Wanaoona kiambaza cha Ng'ambo na kusema watu hawa hawakujua ujenzi wa kudumu wamesahau kuuliza kiwanja kilikuwa cha nani.

Wapangaji miji hawakukosekana. H. V. Lanchester alikuja na mpango wa mwaka 1923, Kendall akaja na wa mwaka 1958, Hubert Scholz kutoka Ujerumani Mashariki akaja na wa mwaka 1968, na Wachina wakafuata na wao mwaka 1982. Kila mmoja aliitazama Ng'ambo kutoka juu na kuona fujo inayohitaji kunyooshwa. Katika miaka ya 1940 Eric Dutton, Katibu Mkuu wa serikali ya kikoloni, aliwajengea watu wa Ng'ambo jumba la mikutano na starehe pale Raha Leo, akitumaini litawatuliza. Historia iliamua vingine. Jengo hilo lilikuja kuwa na kituo cha redio, na Januari 1964 ndipo sauti ya Mapinduzi ilipotangazwa kwa kisiwa kizima. Nenda ukalione. Si jengo la kupendeza sana, lakini sijui jengo jingine mjini lililogeuka kinyume na nia ya aliyelijenga kwa kiasi hicho.

Kutoka Raha Leo mpaka Michenzani kwa baiskeli ni mwendo mfupi sana, na hapo jaribu kufika alasiri.

Majumba ya Michenzani yalianza kujengwa wakati wa Mzee Abeid Amani Karume na kuendelea baada ya yeye kuuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Yapo kumi, na hutajwa kwa nambari. Yamepangwa kwenye barabara nne zinazokutana kwenye mzunguko, kama msalaba ulioangushwa katikati ya Ng'ambo, na marefu kati yake yanafikia kiasi cha mita mia tatu. Wapo wanaoyaita treni. Mpango wa Scholz ulitaka nyumba za udongo ziondoke na mji mpya wa ghorofa ushike nafasi yake. Watu walijitolea kazi, wengine kwa moyo na wengine kwa kuamrishwa, nyumba zilizokuwa njiani zikabomolewa, na wenyewe wakapewa fleti.

Wageni wengi huyakunjia uso. Wasanifu niliowahi kuwatembeza wameyaita makosa, aibu, gereza. Mimi sikubaliani nao, na ningependa kueleza kwa nini bila kuficha upande mwingine.

Shangazi yangu alihamia ghorofa ya nne. Kabla ya hapo alikuwa akiteka maji kisimani na kupikia kuni. Michenzani alipata bomba jikoni, umeme, choo cha ndani, na mlango wa kufunga kwa ufunguo ulioandikwa kwa jina la familia yake, hakuna wa kumwongezea kodi ya ardhi. Kwa mtu aliyezaliwa mjukuu wa mtumwa lile lilikuwa jambo kubwa, na alilizungumzia mpaka anakufa. Lakini pia alipoteza baraza. Alipoteza uwa. Hakukuwa na lifti, na maji yalipopungua nguvu hayakupanda tena, ikawa ndoo inapanda kwa ngazi kichwani au kwa kamba kupitia dirishani. Wajukuu hawakuweza kucheza mbele ya macho yake. Nilipokuwa mdogo nilimkuta mara nyingi amekaa ngazini, kwenye kikomo cha ghorofa ya pili, na majirani zake wawili, wakichambua mchele. Mchoraji wa Ujerumani hakuwawekea baraza, wakajitengenezea moja kwenye ngazi.

Ndiyo sababu nataka uyaone alasiri, na uyaone kwa baiskeli. Jua likielekea magharibi, jumba refu linatupa kivuli juu ya barabara nzima, na unaendesha ndani ya ubaridi huo kuanzia mwanzo wa jumba hadi mwisho wake. Kwa gari ni ukuta mmoja wa saruji unaopita haraka. Kwa miguu ni mrefu mno, unachoka kuangalia. Kwa mwendo wa baiskeli unaweza kuisoma kila roshani: hii imezibwa kwa matofali ya matundu, hii imewekwa nondo, hii ina madirisha ya alumini, hii imefanywa jiko, hii ina kuku, hii imepakwa buluu ya bahari wakati jirani wote wamebaki na rangi ya asili. Walijengewa nyumba zinazofanana na wakazifanya zisifanane. Chini kuna mafundi simu, wauza kanga, washona kofia. Viti vya plastiki vimetolewa nje. Baraza limerudi kwa umbo jingine.

Kisha fanya hivi: pita kati ya jumba moja na jingine, nyuma kabisa. Magurudumu yakizunguka mara chache tu, umetoka kwenye saruji ya miaka ya 1970 na kuingia kwenye kichochoro cha mabati na kiambaza, mwanamke anakuna nazi mlangoni, mbuzi amelala kivulini. Mpango uliishia hapa. Fedha ziliisha, nyakati zikabadilika, na Ng'ambo ya zamani iliyotakiwa kufutwa ikabaki imeegemea mgongo wa ile mpya. Sidhani kuna mahali pengine mjini ambapo unaweza kugusa kwa mkono mahali serikali ilipofika na kusimama.

Watafiti na wapangaji miji wa hapahapa Zanzibar wameanza kuitazama Ng'ambo kwa jicho jingine. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo ulizungumza na wakaazi, ukaorodhesha majengo, visima, miti, maskani na mabaraza yenye thamani kwa watu wenyewe, na kuyaingiza katika mpango. Nimefurahi kuona mwembe ukiingia katika ramani ya urithi. Lakini nyundo ina mbio kuliko kalamu. Kwahani nyumba za zamani zimepisha majumba mapya ya ghorofa. Kandokando ya barabara kubwa vinapanda vioo na maduka. Nyumba ya chini yenye baraza inauzwa, inavunjwa, na kinachokuja mahali pake kinajengwa mpaka ukingoni mwa njia, na ukuta wenye vipande vya chupa juu yake mahali watu walipokuwa wakikaa. Sisemi watu wasijenge. Kijana anayetaka choo cha maji na chumba kisichovuja ana haki zote. Ninachouliza ni kwa nini nyumba mpya isiwe na baraza, gharama yake ni mifuko michache ya saruji, na kwa nini ukumbi unaopitisha upepo uzibwe kisha tununue kiyoyozi.

Jambo la mwisho ni ombi, na ni la kazi. Mji Mkongwe una wataalamu wanaoupima na kuuchora. Nyumba nyingi za Ng'ambo zitavunjwa bila mtu kuwahi kuzipima hata mara moja. Kama nyumba ya bibi au babu yako bado imesimama, chukua futi na daftari kabla fundi hajaja na sururu. Pima upana wa ukumbi na kimo cha baraza. Hesabu vyumba. Angalia boriti ni za mkoko au za mnazi, ukuta ni kiambaza, mawe au matofali, na kama paa lina makuti chini ya mabati. Uliza nani alikandika, mwaka gani, chakula gani kilipikwa siku hiyo, kodi ya ardhi alikuwa akilipwa nani. Mistari ikipinda hakuna neno.

Nimekwisha kuchora nyumba kadhaa za Miembeni na Kisimamajongoo, na Jumamosi asubuhi nitakuwa Mwembetanga na baiskeli yangu. Mwenye nyumba huko ambaye kiambaza chake bado kipo, na ambaye hatochukia nikiingia na futi mpaka uwani, anitumie ujumbe. Nitakuja na vitumbua.